Sikio Lenye Mapengo Matatu

Mafuta ya mkia wa kondoo yakiyeyushwa hutoa harufu ambayo ukishakua nayo huwezi kuichanganya na nyingine. Mwezi uliopita nilikuwa Nzuguni, nimepanga chumba kwa siku chache wakati mtambo wetu wa kuchimba visima ukisubiri vipuri, na mama mwenye nyumba akawa anayeyusha mkia uani. Nilikuwa nimejilaza baada ya chakula cha mchana. Nikajikuta nimekaa wima kitandani, viganja nimevikinga mbele ya kifua, namsubiri mtu aniambie, "Lete."

Aliyekuwa akisema "Lete" ni babu yangu mzaa baba. Kila baada ya mavuno aliishusha bunduki yake kutoka darini mwa tembe, mahali ilipokaa mwaka mzima ikipigwa na moshi wa jikoni, akailaza juu ya ngozi ya mbuzi na kuisugua kwa mafuta ya mkia mpaka chuma kikang'aa weusi. Kazi yangu ilikuwa kushika kibuyu cha mafuta na kukisogeza nilipoambiwa. Kuigusa sikuruhusiwa, hata kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo niliijua kwa macho tu, na niliijua vizuri. Mtutu wake ulianza na pembe nane, kisha karibu na katikati ukawa mviringo. Ulikuwa na vifyatulio viwili, kimoja nyuma ya kingine, na sikuelewa mtu anahitaji viwili vya nini. Kitako kilikuwa na uvimbe uliochongwa ubavuni ili mwindaji alaze shavu lake, na mti wake ulikuwa na mistari kama maji ya mto yaliyokaukia kwenye tope. Hapakuwa na mti wa namna hiyo porini kwetu, nami nilikuwa nikichunga, miti naijua.

Risasi zake zilikwisha kabla sijazaliwa, na hakuna aliyejua pa kupata nyingine. Nguruwe pori wa mashamba yetu tuliwafukuza kwa mbwa na makopo kama watu wengine wote wa upande wa Bahi. Lakini Babu aliitwa mwenye bunduki, na jina hilo lilimtosha.

Hadithi yake niliisikia mara nyingi kuliko sala. Baba yake, mzee Ndahani, alimbebea mizigo mwindaji wa Kijerumani kwa misimu mitatu, kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde na kurudi. Msimu wa tatu Mjerumani akashikwa na homa, wapagazi wengi wakamkimbia usiku mmoja, Ndahani akabaki. Akamnywesha uji, na yeye na wapagazi wenzake wawili wakambeba mpaka kwa wazungu wenziwe. Walipoagana, yule mtu akampa bunduki.

"Alimpa mkononi," Babu alisema kila alipofika hapo, na hapo aliacha kusugua. "Hakuiokota. Hakuiba. Mkononi."

Jirani yetu Mzee Lungwa alikuwa na hadithi yake. Baba yake naye alikuwa mpagazi, ila wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, na alirudi na bunduki. Kwa kuwaogopa Waingereza akaizika zizini, chini ya samadi. Siku alipokwenda kuifukua akakuta shimo tupu. Mzee Lungwa aliisimulia hadithi hiyo penye pombe tu, tena huku akimtazama Babu kwa pembeni.

"Kachimbe tena," Babu alimjibu. "Labda baba yako hakufika chini."

"Alifika. Alikuta harufu ya jirani."

Watu wakacheka, kata ikaendelea kuzunguka. Walikuwa marafiki hao wawili, na mchezo wao ulikuwa wa miaka mingi.

Mimi nami nilikuwa na jina langu. Babu aliniita Meso, yaani macho kwa Kigogo, kwa sababu ya alama za mifugo. Kwetu kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe: mwingine hukata ncha, mwingine hupasua pembeni, mwingine hutoboa. Nikiwa na miaka minane nilizijua zote za vijiji vinne. Kuna siku ndama jike alikutwa katikati ya ng'ombe wetu kisimani, na wazee watatu wakabishana ni wa nani kwa sababu sikio lake lilikuwa limeliwa na fisi. Mimi nililishika lile pande lililobaki, nikalitazama, nikataja mtu wa kijiji cha tatu. Akaitwa, akaja, akamtambua ndama wake. Babu aliniweka mkono kichwani mbele ya wote. "Huyu mkimnyima ugali mtapotea," aliwaambia. Nilitembea na maneno hayo msimu mzima wa kiangazi.

Kisha akaja Yoeli.

Yoeli alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekuwa karani mjini Dodoma. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miezi michache tu. Walimleta likizo, na mama yake akamwacha na sanduku dogo la bati, viatu vya kamba, na kitabu chenye picha ya treni. Siku ya kwanza Babu alimkalisha kwenye kigoda chake cha miguu mitatu. Nilikuwa sijawahi kukikalia kigoda kile. Jioni alimpa mtindi wa juu, ule mzito ambao tangu nianze kuchunga ulikuwa wangu, nami nikapewa wa chini.

Nilijaribu kumshinda kwa kila kitu nilichokiweza. Nilimpeleka zizini, akaogopa ndama. Nilimwonyesha maksai, akauliza kama ndiye baba wa wale wengine. Nikacheka kwa sauti ili Babu asikie. Babu akacheka pia, lakini akamcheka kwa upendo, kama vile kutojua kwake kulikuwa zawadi nyingine aliyotuletea kutoka mjini.

"Wewe uko darasa la pili na hujui kusoma," Yoeli aliniambia kisimani.

"Najua."

"Soma hii." Akachora kitu mchangani.

"Siko shuleni sasa. Na wewe hujui kukama."

"Mjini maziwa yanakuja kwenye chupa."

"Yanakuja na nani? Si na mtu aliyekama?"

Alifikiri. "Ni kweli," alisema, na hilo liliniudhi zaidi ya ubishi. Angenibishia tungepigana, na kupigana ningemweza. Lakini Yoeli alikuwa mtoto wa kukubali ukweli mara moja, bila kununa, na watu wazima walimpenda kwa hilo.

Wiki ya pili ya likizo mwenyekiti wa kijiji alipita na tangazo. Kila mwenye bunduki aipeleke kwenye ghala la kijiji siku ya Jumamosi. Sajenti wa polisi angekuja kuziandika, na kila mtu angeeleza ametoa wapi yake, ina namba gani na imeandikwa nini.

Babu hakujua kusoma. Alasiri hiyo aliishusha bunduki ingawa haukuwa wakati wake, akatandika ngozi, akanipa kibuyu. Kisha akaita, "Yoeli. Wewe uliyesoma, njoo unisomee huyu bibi kizee anasema nini."

Yoeli akaja. Akapiga magoti kwenye ngozi, akaweka vidole vyake juu ya mtutu.

Sijui niseme vipi ili mtu ambaye hakuwahi kushika kibuyu miaka mitatu anielewe. Vidole vyake vilikuwa na wino. Alivitembeza polepole kwenye pembe zile nane, akakwangua masizi kwa ukucha, na Babu hakumwambia kitu, ila alimwinamia, vichwa vyao vikagusana. "Lete," Babu alisema bila kunitazama, nikasogeza mafuta, na Yoeli ndiye aliyechovya.

Alisoma namba, Babu akairudia mara tatu ili aikariri. Kulikuwa na jina pia, lakini limesuguliwa na mikono ya watu mpaka limebaki mikwaruzo. Halafu, ubavuni, karibu na mahali mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki, akakuta alama ndogo kama punje za ulezi.

"Hii ni U," alisema. "Imevaa kofia."

"Kofia?"

"Yenye ncha. Na hii ni G, nayo ina kofia. Na huyu ni ndege."

"Zinasema nini?"

"Sijui, Babu. Ni herufi tu."

Niliinama juu ya bega lake. Masizi yalikuwa yamebaki ndani ya mistari, hivyo alama zilionekana nyeusi juu ya chuma kilichosafishwa. Nikaona mara moja kile ambacho yeye hakukiona. Herufi haivai kofia. Nilizijua herufi chache, na hakuna niliyowahi kuiona ubaoni ikiwa na kitu kichwani. Lile lilikuwa sikio. Sikio la ng'ombe limesimama, duara lake chini, na juu, nchani, mapengo matatu. Na kando yake sikio la pili, lenye mapengo yaleyale matatu, ila hili limepasuliwa ubavuni na mpasuko umeingia ndani kidogo. La kulia na la kushoto. Kwa vijiji vinne vyote kulikuwa na ukoo mmoja tu uliokata hivyo, la kulia mapengo peke yake, la kushoto mapengo na mpasuko. Ukoo wa Mzee Lungwa.

Ningeweza kumwambia Babu palepale. Nimelirudia jambo hilo kwenye mabasi, kwenye vibanda vya mitambo Kahama na Manyoni, kwenye vyumba vya kupanga ambavyo sikumbuki rangi za kuta zake. Tulikuwa watatu tu kwenye ngozi ile. Ningemnong'oneza, angenipa bunduki niiangalie, tungebishana, yangekwisha. Sikusema kwa sababu Yoeli alikuwapo. Nilitaka niseme mahali ambapo watu ni wengi, kama siku ile ya ndama, na Yoeli awe amesimama na herufi zake hapohapo akinisikiliza. Nikalificha sikio langu siku tatu. Nililala nalo, nikaenda nalo machungani, na nilipomwona Babu akimfundisha Yoeli kukama, amemshika mikono kwa nyuma, nilijiambia: subiri Jumamosi.

Na niseme hili pia, si kwa kujitetea. Sikujua kwamba nitamwumiza. Kwa akili yangu, kutambua alama ilikuwa ni kutambua alama. Ndama alirudi kwa mwenyewe na Babu akasifiwa kwa kuwa na mjukuu mwenye macho. Nilidhani itakuwa hivyohivyo.

Jumamosi ghala lilijaa. Zilikuwapo bunduki tano: magobore manne na ile ya Babu, ambayo ilipowekwa mezani yale magobore yakawa kama vijiti vya kuchochea moto. Sajenti alikuwa mtu wa Pwani, mnene, mpole, mwenye leso shingoni. Aliziandika moja moja. Zamu ya Babu ilipofika, Babu alisimama akasimulia habari za Ndahani na Mjerumani na homa. Alipofika "mkononi" alinyoosha mkono wake mwenyewe, kama anayepokea. Yoeli akasoma namba kwa sauti safi, na Sajenti akasema, "Maashallah, kijana wa nani huyu?"

"Mjukuu wangu," Babu alisema. "Anasoma mjini."

Sajenti akaandika. Kisha akauliza swali ambalo alikuwa amewauliza na wale wanne waliotangulia, kwa sauti ileile ya kumaliza kazi: "Kuna mtu ana neno juu ya silaha hii?"

Mzee Lungwa alikuwa amekaa juu ya gunia la mtama karibu na mlango, anajipepea kwa kofia. Hakufungua mdomo. Nataka hilo lijulikane.

"Nina neno," nilisema.

Watu wakageuka. Nilikwenda mezani, na kwa mara ya kwanza maishani nikaigusa bunduki ya Babu. Niliweka kidole penye alama. "Yoeli amesema hizi ni herufi. Si herufi. Ni masikio. Hili la kulia, hili la kushoto. Ni ya kina Lungwa."

Sajenti alitabasamu. "Masikio ya nini, mwanangu?"

Lakini wengine hawakutabasamu, kwa kuwa walikuwa wafugaji. Mwenyekiti aliinama akatazama. Akaja mwingine. Akaja mwingine. Mmoja aliigeuza bunduki kwenye mwanga wa mlango, akahesabu kwa ukucha, moja, mbili, tatu, akahamia la pili, akaugusa mpasuko. Nilisikia ghala zima likipumua.

"Afande," mwenyekiti alisema, "hii alama tunaijua."

"Babu, ni U," Yoeli alisema. "Ni U na G."

"Nyamaza, mtoto. Watu wazima wanatazama alama," mwenyekiti alimkatiza.

Wakampelekea Mzee Lungwa. Aliitazama kwa muda mrefu, kofia akaiweka sakafuni. Nadhani mpaka dakika ile yeye mwenyewe hakuwahi kuiamini hadithi yake. "Nilikuwa natania," alisema, akimwambia Babu, si Sajenti. "Miaka yote nilikuwa natania. Lakini hili ni sikio letu."

Babu akaichukua. Macho yake hayakuwa mazuri tena, akaisogeza karibu na uso mpaka pua ikagusa chuma. Nilimsubiri aseme jina langu. Alitazama la kulia, akatazama la kushoto, akafunga macho, akayafungua, akatazama tena. Kisha akaiweka mapajani mwa Mzee Lungwa.

"Mnyama mwenye alama ya mwenzangu akikutwa zizini mwangu simuulizi aliingiaje," alisema. "Namtoa. Andika Lungwa, Afande."

Sajenti alijaribu kusema kwamba ng'ombe ni kitu kimoja na bunduki ni kingine. Alitazama nyuso zile, akafuta jasho, akaandika.

Njiani kurudi nyumbani Babu aliniweka mkono kichwani. "Umeona, Meso," alisema. Hakuwa na hasira. Mkono ulikuwa uleule, uzito uleule. Yoeli alitembea nyuma yetu, ameshika viatu vyake mkononi, hakuna aliyemsemesha. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na nakiri kwamba kwa mwendo wa njia ile nzima nilikuwa na furaha.

Hasara ilikuja polepole. Babu hakusimulia tena habari za Ndahani. Watoto wakimwomba, alisema, "Waulizeni kina Lungwa." Aliacha kunywa pombe nyumbani kwa rafiki yake, ingawa Mzee Lungwa alikuja mwenyewe kumwita, mara mbili, mara tatu. Msimu uliofuata mama yangu alijifungua mtoto wa kiume, na ilikuwa imekwisha kukubaliwa kwamba ataitwa Ndahani. Babu alikataa. "Jina hilo liacheni," alisema. "Msimpe mtoto jina la mtu aliyefukua zizi la jirani yake." Mdogo wangu akapewa jina la padri aliyembatiza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimemwumiza. Nilikuwa nimelala nyuma ya kihenge, nikamsikia akisema hivyo. Lakini sikuona neno la kufuta. Niliamini bado kwamba ni sikio. Nilidhani nimesema ukweli na ukweli ndio ulioniharibia babu yangu. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, akiamini hivyohivyo. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na nadhani sijawahi kukaa mahali zaidi ya misimu miwili tangu siku hiyo.

Yoeli sasa ana ofisi karibu na Bunge na nyumba nzuri Area D, yenye ua wa maua. Aliposikia niko Nzuguni alinipigia simu nije kula. Baada ya chakula akanisogezea simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na mtutu wenye pembe nane.

Mzee Lungwa alikwisha kufa siku nyingi. Mwanawe, Elia, mtu mzima sasa, alikuwa akihangaikia kibali cha kuirithi bunduki, na fomu ilitaka nchi iliyotengenezwa, aina na alama. Alimjia Yoeli amsaidie. Yoeli akapiga picha, akazipeleka chuo kikuu, Chimwaga, kwa mhadhiri mmoja wa historia anayejua silaha za kale.

"U maana yake imekaguliwa," Yoeli alisema. "G maana yake mtutu una mifereji kwa ndani. Huyu ndege ni tai, alama kwamba ilijaribiwa kwa risasi nzito kuliko za kawaida na haikupasuka. Kofia ni taji la mfalme wao. Jina la fundi limefutika, ila kwa mchongo wa kitako anadhani ni kazi ya wafua bunduki wa mji unaoitwa Suhl. Hawezi kuapa."

"Na alama hizi ziko kwenye bunduki hii tu?"

"Kila mtutu uliopimwa kule enzi hizo. Maelfu."

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Babu kwanza. Sikumfikiria. Nilichosikia kwanza ni kwamba ilikuwa U. Yoeli alikuwa sahihi akiwa na miaka tisa, na alikuwa sahihi tena sasa, amekaa kwenye kochi lake, na ule moto wa zamani ukanipanda kifuani kana kwamba bado nimeshika kibuyu. Nina nywele nyeupe kidevuni. Niliona aibu, lakini moto ulikuja kabla ya aibu.

"Umemwambia Elia?" nilimuuliza.

"Nimemjazia fomu. Maana ya alama sijamwambia."

"Kwa nini?"

"Nenda wewe, kaka," alisema kwa upole, na hata upole wake niliuonea wivu.

Nilikwenda kijijini. Elia alinikaribisha uani, tukasalimiana, mbukwa, mbukwa, akaniletea kiti cha plastiki, nikampa shikamoo yake kama mkubwa wangu. Nilimweleza yote kuhusu taji, tai na mifereji, naye alisikiliza akiwa ameshika mashavu.

"Kwa hiyo si sikio letu."

"Si sikio la mtu yeyote."

"Basi bunduki ni yenu?"

"Sijui. Alama hazisemi alipewa nani. Zinasema ilipimwa tu."

Akatikisa kichwa. "Umetoka mbali kuja kuniambia kwamba hatujui."

"Bunduki bakini nayo. Nimekuja kwa ajili ya mzee Ndahani. Anasemwaje hapa kwenu?"

Elia alisita, kwa adabu. "Unajua mwenyewe. Tumekua tukiambiwa babu yako aliingiwa na aibu mbele ya polisi, akakiri kwamba baba yake alitufukulia zizi. Tulimheshimu kwa hilo. Kukiri si kazi rahisi."

"Hakukiri. Kuna mtu aliyesema ni masikio, naye akaamini."

"Nani?"

Niligundua kwamba hawakumbuki. Katika miaka yote hiyo mtoto alikuwa ameanguka kutoka kwenye hadithi yao, na akabaki Babu peke yake na ungamo la kuzuliwa. Ningeweza kusema "watu." Ningeweza kusema "mwenyekiti," naye ni marehemu.

"Mimi," nilisema. "Yoeli alizisoma sawasawa. Mimi niliona watu wanamsifu, nikataka wanisifu mimi."

"Yoeli huyu wa fomu zangu?"

"Huyohuyo."

Elia alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kiganja. Halafu akaacha kucheka. Akageukia jikoni, akamwita mkewe, akawaita wanawe wawili waliokuwa wakitengeneza boma, akawaita wajukuu, hata aliyekuwa na kijiko mdomoni. Wakasimama mbele yangu kwa mstari usionyooka.

"Rudia," aliniambia. "Hawa ndio watakaosimulia nikishaondoka."

Nilisimama. Sikuweza kuwaambia kwamba Ndahani hakuiba, kwa kuwa sikuwapo, na waliokuwapo hawapo. Nikawaambia kwa Kigogo kile ninachokijua: kwamba katika nchi hii yote mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumshtaki Ndahani mbele ya serikali, kwamba mtu huyo alikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye wivu, na kwamba wamtazame vizuri, ndiye huyu.